Kapteni wa Nyamahanga na Boti ya Serikali

Jumatatu, 4 Agosti

Siku kubwa! Boti ya doria ya wanamaji imekwama hapa Nyamahanga. Hapa hapa kwenye migomba, ambako hata maji ya kunywa tunayapangia foleni. Ilikuwa juu ya tela, inavutwa na lori, inapelekwa ziwani kufundishia askari wapya na kulinda usalama. Lori likavunjika ekseli mbele ya duka langu la chumvi na sabuni. Si mbele ya kibanda cha Anuar, fundi cherehani, ambacho kiko pua na mdomo na hapa. Mbele ya duka langu! Mungu anajua anachofanya.

Kijiji kizima kikaja kuishangaa. Ndogo, ya kijivu, ina namba ubavuni na kiti kimoja cha nahodha. Kisha wote wakageuka kunitazama mimi. Ni haki yao. Hapa naitwa Kapteni, na sababu inajulikana: babu yangu alitoka Pangani, na mimi katika ujana wangu nilitumikia majini. Hilo la kutumikia sikulisema mimi. Watu walilisema, mimi sikubisha. Kubishana na kijiji kizima ni utovu wa adabu. Wala si uongo mtupu. Kivuko cha kwenda Mwanza nimekipanda, kwenda na kurudi, na wakati wa kurudi nilisimama karibu kabisa na nahodha.

Mwenyekiti wa kijiji, Fideli, akanivuta mkono hadi mbele ya afande msimamizi. Mwanamke! Sajenti Scolastica, mfupi, mkavu, hacheki. Akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya kamanda. Akauliza nilitumikia chombo gani. Nikasema kile kidogo. Akauliza mwaka gani. Nikasema miaka ile. Akanitazama kama mtu anavyomtazama samaki wa juzi, kisha akaenda kuzungumza na dereva.

Anuar naye alikuwepo, futi ya kupimia shingoni. Akauliza kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwa nini boti ina mashine mbili nyuma. Nikamjibu moja ya kwenda na moja ya kurudi. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyecheka isipokuwa dereva, na dereva ni mtu wa barabarani, maji atayajulia wapi?

Na Bi Swabaha alitoka mgahawani kwake na mwiko mkononi, akayaona yote. Niandike wazi, maana shajara haina umbea. Namtaka Bi Swabaha awe mke wangu. Yeye mjane, mimi mgane, na jioni zimekuwa ndefu. Anuar naye amepeleka posa. Swabaha ametuambia sote wawili kwamba atatoa jibu Ijumaa baada ya swala. Fundi cherehani dhidi ya Kapteni, na Kapteni ameshushiwa boti. Nitalala vizuri.

Jumanne, 5 Agosti

Dereva amekwenda Kahama kutafuta ekseli. Sajenti amekwenda Biharamulo mjini kwa wakubwa wake. Boti ameikabidhi serikali ya kijiji, akamwambia Fideli mtu yeyote asiipande. Fideli akaniita, akasema ulinzi wote naukamata mimi, kwa kuwa mtaalamu ni mimi. Nikakubali kwa uzito. Mtu yeyote asipande. Mimi si mtu yeyote. Nikapanda.

Nimekaa kwenye kiti cha nahodha. Kinazunguka! Nilizunguka mpaka nikaona migomba ya Leonidasi mara tatu.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Boti ni ya mafunzo na usalama. Usalama upo, ni mimi. Mafunzo yako wapi? Nikawaita mgambo wa kijiji, nikawapandisha, nikawakalisha safu mbili na mipini ya majembe, nikawafundisha kupiga makasia. Vuta! Sukuma! Walitoka jasho kweli kweli. Mmoja akauliza boti yenye mashine mbili inahitaji makasia ya nini. Nikamuuliza, na adui akiiba mashine zote mbili? Akavuta. Mafunzo ndiyo hayo.

Anuar alikuwa kwenye baraza yake anashona sare za shule huku anacheka peke yake. Mtu anayecheka peke yake ana matatizo nyumbani.

Jambo moja linaniuma. Kapteni hana budi kuwa na vazi, na fundi hapa ni mmoja tu. Nikaenda kwake kichwa juu. Nikamwagiza koti jeupe, vifungo vya kung'aa, mistari mabegani. Alinipima polepole mno, akinizunguka kama anapima mbuzi wa mnada. Akasema litakuwa tayari kwa Nane Nane, litanikaa vizuri sana. Heshima ya ghafla hiyo sikuielewa, nikaipokea.

Jioni Swabaha aliniletea chai pale botini. Nikamwonyesha kiti kinavyozunguka. Akasema tu, Suleman, chai itapoa. Nimeona kwamba yeye peke yake hapa hajawahi kuniita Kapteni. Ni haya. Wanawake wa heshima huwa hivyo.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa! Anuar alipita kunijaribishia koti. Akainama nyuma ya boti kuokota pini, akainuka na uso wa msiba. Akatangaza mbele ya watu waliokuwa kisimani wakisubiri maji kwamba boti ina tobo. Chini, nyuma, tobo la mviringo, limeziba nusu. Akasema bila shaka ni zile ruka-ruka za mgambo wa Kapteni.

Nikachungulia. Ni kweli. Tobo lipo.

Fideli alikuja mbio. Jasho linamtoka kama yeye ndiye aliyevuta mpini wa jembe. Akasema mali ya jeshi haina mchezo. Akasema ikionekana inavuja, yeye ataeleza aliambiwa na nani na alimwachia nani. Halafu akanitazama. Nimemfahamu Fideli miaka mingi. Nimemkopesha sabuni, na leo ndio fadhila zake!

Simu ya Fideli ikalia. Sajenti. Anarudi Ijumaa asubuhi na dereva na ekseli. Akamuuliza Fideli boti iko salama? Fideli akasema iko salama sana, Kapteni yuko nayo. Sajenti, nasikia, akakata simu.

Basi mambo ni haya: boti ikivuja, Ijumaa hiyo hiyo ambayo Swabaha anajibu, mimi nitakuwa mahabusu. Nani amewahi kusikia mwanamke akipokea posa kupitia dirisha la kituo cha polisi? Anuar atakuwa amekaa mgahawani na kanzu mpya anakula pilau yangu. Kamwe!

Lazima nijue kama inavuja. Ziwa liko mbali. Nikawa nimekaa juu ya ndoo nafikiri, akapita Leonidasi. Ni mkulima, wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, na migomba yake ndiyo bora katika kata yote. Nikamweleza shida. Akashangaa ninachofikiria. Kwao mtumbwi wa kukamulia ndizi ukiletwa mpya, haupelekwi mtoni. Unamiminiwa maji ndani, mtu anakaa chini yake na kusubiri. Ukilowa chini, umepasuka.

"Chombo kisichojazwa, Kapiteni, hakijulikani," akasema.

Kwa nini sikuwaza mwenyewe? Maji ni maji. Yakishindwa kutoka, yatashindwa kuingia. Nimemwambia Fideli kwamba huo ndio utaratibu wetu wa siku zote majini, nilikuwa nangoja saa yake. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Alhamisi, 7 Agosti

Maji hakuna! Pampu ya kijiji imekufa tangu kiangazi kianze, kisima kinatoa tone baada ya tone. Nilikwenda kwenye foleni na kuomba kwa lugha ya taifa wananchi wachangie ndoo kwa ajili ya boti ya serikali. Wanawake walinijibu kwa Kisubi, lugha ya hapa, wote kwa pamoja. Sikuelewa maneno. Ndoo niliyorushiwa niliielewa.

Nikarudi nimekasirika. Kijiji kisicho na uzalendo!

Leonidasi akanifuata taratibu. Akasema anazo ndizi mbivu shimoni, mzigo mkubwa, alizoziivishia Nane Nane. Mtumbwi wake wa kukamulia kamwazima shemeji yake kule Mbuba na shemeji hajaurudisha. Sasa, akasema, kama Kapiteni anatafuta cha kujazia, na yeye anatafuta pa kukamulia...

Akili yangu ilifanya kazi haraka kuliko yake. Juisi ya ndizi ni kimiminika! Inavuja kama maji. Tunaijaza leo, kesho alfajiri tunachungulia chini, pakiwa pakavu tunaichota, watu wanaburudika kwenye sherehe ya wakulima, boti inapanguswa, Sajenti anaikuta kavu. Na juisi mbichi ni halali kwangu na kwa kila mtu. Nililifikiria na hilo. Mtu asiseme sikufikiria.

Mgambo wakavua viatu, wakanawa miguu kwa yale maji kidogo waliyokuwa nayo, wakapanda. Ndizi zikamwagwa. Majani ya kukamulia yakaletwa kwa mafungu. Mimi kwenye kiti cha nahodha, nawatolea amri. Kanyaga! Geuza! Kwa mara ya kwanza walifanya mazoezi bila kuuliza swali. Wanajua kazi hii tangu utotoni. Juisi ikapanda mpaka magotini, ya dhahabu, harufu yake inalewesha nyuki. Tela lililia kidogo. Likazoea.

Anuar alisimama kando. Safari hii hakucheka. Aliniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikamwambia ashone vifungo, bahari aniachie mimi.

Wakati wa magharibi nilipapasa chini. Pakavu. Nikamkabidhi zamu Evarista, mke wa Leonidasi, aifunike kwa majani ya migomba isiingie vumbi. Mama mtaratibu, mchapakazi, hakuna pombe ya sherehe hapa ambayo haikupita mikononi mwake. Nikaenda kulala kwa amani.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Niandike kwa mpangilio, hasira baadaye.

Alfajiri nilichungulia chini. Pakavu! Hata tone! Boti haivuji, tobo au si tobo. Nilipiga kelele ya furaha. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mtu mwenye haki kuliko wote katika wilaya ya Biharamulo. Hilo hakuna atakayeliondoa.

Kisha nikafunua majani. Povu! Povu kama la sabuni, linachemka, linanong'ona. Nikamwita Evarista. Akaja akitabasamu. Akasema alipoifunika jana aliona juisi imewekwa hivi hivi bila unga wa mtama uliokaangwa, akajua wanaume wamesahau kama kawaida yao. Akautia. Akautia vizuri. Nani anakamua ndizi nyingi kiasi hicho na kuziacha zibaki juisi? Kwao ni sawa na kumwacha mtoto hajavishwa.

Rubisi. Boti ya doria ya wanamaji imejaa pombe ya ndizi.

Nikaagiza imwagwe. Hakuna aliyenisikia. Habari ilikuwa imefika Nyarubungo, na watu wa huko walikuwa wanakuja na vibuyu na mirija. Mgambo walikuwa wa kwanza kupanda, kwa nidhamu, safu mbili, kama nilivyowafundisha. Vuta! wakasema. Wakavuta. Kufikia saa tatu asubuhi walikuwa wanaimba. Fideli alisema anaonja tu, kwa niaba ya ofisi.

Mimi sikugusa. Andika hilo, Suleman. Nilivaa koti langu jeupe nikapanda kwenye kiti kulinda utulivu. Koti lilibana kwapani. Nilidhani ndivyo makoti ya kijeshi yalivyo.

Gari likasimama. Sajenti Scolastica akashuka. Kila kitu kikanyamaza isipokuwa rubisi. Nikasimama wima, nikampigia saluti. Mkono wa kulia wa koti ukang'oka bega zima, ukaanguka ndani, ukazama. Anuar! Alishona kwapa kwa uzi wa kuvuta, ule wa kushikiza tu!

Nikamweleza Sajenti kuhusu tobo, kuhusu utaratibu wa kujaza, kuhusu matokeo, ambayo ni mazuri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akazunguka nyuma, akapiga magoti, akaingiza vidole.

"Mzee wangu, hili ni tundu la kutolea maji," akasema. "Kila boti inalo. Na kila boti ina kizibo."

Akakizungusha. Rubisi ikatoka kama bomba la mjini, ikamwagika barabarani. Watu walikimbia na ndoo, na hao wanawake wa foleni ya kisima mbele kabisa! Mbuzi wa Leonidasi walikunywa mpaka wakalala katikati ya njia.

Sajenti akachukua kamba, akanipa mbele ya watu wote, akaniomba nifunge fundo lolote la majini, lolote nilipendalo. Nikafunga. Akalitazama. Akasema hilo ni la mbuzi. Kijiji kizima kikacheka, wenye mirija na wasio na mirija. Nilisema na ninarudia hapa: fundo lile halijawahi kumwachia mbuzi hata mmoja.

Swabaha alikuwa mlangoni kwake. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Msikitini nilikaa safu ya nyuma na harufu ya ndizi. Baada ya swala hakutoa jibu. Alifunga mgahawa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeosha boti. Peke yangu, kwa sabuni ya dukani kwangu, kwa maji niliyoyapanga foleni kama mtu yeyote. Sajenti alikaa kwenye kiti kinachozunguka na kunionyesha pale paliponata. Mchana ekseli ikawa tayari. Kabla ya kuondoka aliniambia kwa haki kabisa kwamba boti yake haijawahi kuwa safi namna ile. Nimeipokea kama nishani. Ikateremka kona ya Nyarubungo ikapotea, na nyuki nyuma yake.

Nikaipigia saluti. Ilikuwa boti nzuri.

Swabaha akaja na chai. Akakaa kwenye gunia la chumvi. Akasema yeye amemkataa Anuar. Dereva kamweleza kwamba siku ile ya Jumatatu Anuar alimuuliza kile kizibo ni cha nini, na akajibiwa. Alijua tangu mwanzo. Mtu anayeweza kukiangalia kijiji kizima kinaangamia ili ashinde posa, akasema, si wa kulala naye chini ya paa moja.

Nikaanza kumweleza mipango yangu ya majini. Akainua mkono.

"Mimi nilitaka muuza chumvi, Suleman. Kapteni sikumwomba kwa mtu."

Muuza chumvi. Mimi! Akasema amenisikia miaka yote, na miaka yote alikuwa anangoja nichoke. Niende Jumatatu kwa kaka yake Habibu, Biharamulo mjini, nikaseme mimi ni nani. Hivyo tu. Nikisema kweli tupu, jibu lake ni ndiyo.

Nimelia kidogo baada ya yeye kuondoka. Moshi wa jiko.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mimi ni Suleman. Nauza chumvi.

Ni fupi mno! Nimelisema mara nyingi na kila mara linaisha kabla sijavuta pumzi. Habibu ana duka la jumla, ana msikiti unaomheshimu. Nitakaa sebuleni kwake niseme neno moja kisha niangalie zulia?

Lakini nimeapa. Kweli tupu. Anuar amepita akanisalimu, sikumwitikia. Nimemrudishia koti lake la mkono mmoja.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetoka Biharamulo mjini. Ushindi!

Habibu alinipokea kwa kahawa na kashata. Swabaha alikuwa ukumbini nyuma ya pazia, niliona kisigino chake. Nikaanza vizuri. Nikasema mimi ni Suleman, si kapteni, sikuwa kapteni, majini nilipanda kivuko tu. Nikasikia pazia likishusha pumzi. Nikasema, nauza chumvi.

Habibu akasema vizuri. Kazi ya heshima. Akauliza, chumvi ya wapi hii?

Nikasema ya Uvinza, kwenye visima vya chumvi. Ni kweli kabisa, gunia limeandikwa.

Akatikisa kichwa. Kikawa kimya. Kimya kile! Nani angekivumilia? Mwanamke wa watu anataka muuza chumvi, sasa apewe muuza chumvi wa kijiko? Nikasema Uvinza kwetu ni nyumbani. Babu yangu, alipotoka Pangani, ndiye aliyewaonyesha wale watu kisima cha kwanza. Chemchemi moja hadi leo ina jina letu. Mimi Nyamahanga ninakaa kwa kupenda tu, lakini mitambo ipo, na wafanyakazi wakiniona husimama.

Kahawa ya Habibu ilibaki hewani. Akafurahi mno. Nyuma ya pazia kile kisigino kiliondoka, nadhani kwa furaha.

Amesema yeye na dada yake wangependa kuiona hiyo chemchemi kabla ya kutoa neno la mwisho. Swabaha mwenyewe ndiye aliyechagua siku, aliporudi nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini. Tunaondoka Jumamosi.

Uvinza sijafika. Lakini chumvi ni chumvi. Kesho asubuhi nitamwona Anuar, atanishonea koti jipya, la mkurugenzi. Safari hii nitamwambia akaze kwapa.